Kwa Nini Nimetundika Picha ya Aprili

Hotuba ya kufungua maonyesho ya picha za milima na maziwa, Moshi, mwezi wa Oktoba

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, wapiga picha wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana huko mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, nawajibu kabisa kabla hamjanisalimia.

Tangu milango ifunguliwe saa nane nimeulizwa swali moja mara saba: kwa nini nimeitundika picha ya Aprili? Ukutani kuna picha kumi na mbili, moja ya kila mwezi, na zote nimezipiga nikiwa nimesimama kando ya jiwe moja, ukingoni mwa ziwa Momella Kubwa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kumi na moja zinaeleweka. Ya nne, ya Aprili, ni kijivu. Chini kijivu, juu kijivu, katikati bata mmoja ambaye naamini alikuwa amepotea. Mama mmoja alinivuta pembeni kwa staha, akaninong'oneza kwamba pengine mashine ya kuchapia iliishiwa wino na vijana wangu wakaogopa kuniambia.

Wino ulikuwapo, mama yangu. Nimeitundika kwa makusudi, na kwa kuwa waandaaji wamenipa nusu saa, nitaitumia yote kuitetea.

Kazi hii nilianzia mjini hapahapa, katika studio ya mtu, nikiwa kijana wa kubeba taa. Tulikula kwa pasipoti, harusi na kipaimara. Nyuma ya kiti cha mteja lilining'inia turubai lililochorwa Kilimanjaro: Kibo, kilele chake kikuu, nyeupe pee, chini yake ziwa la bluu, na ziwani ndege wawili wenye shingo ndefu ambao mpaka leo sijui ni wa nchi gani. Mteja aliuacha mlima wenyewe mlangoni, akaingia kusimama mbele ya mlima wa rangi. Wala sikumlaumu. Mlima wa mlangoni hauna ahadi; ule wa turubai ulikuwa wazi saa yoyote utakayoingia.

Kilichonisumbua mimi ni lile ziwa. Nimekulia kihambani, kwenye migomba ya Uchagani, nimeteka maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa mlimani, na najua kwamba ukishuka kutoka kwetu mpaka tambarare hukutani na ziwa lolote la bluu. Nikamuuliza mwenye studio. Akasema, "Mlima mkavu nani atalipia?" Basi nilipopata kamera yangu mwenyewe, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kwenda kulitafuta ziwa la turubai.

Nilianza na ziwa Chala, mashariki ya mlima, mpakani na Kenya. Chala ni kasoko, shimo la volkano lililojaa maji. Unasimama ukingoni juu, unatazama chini kama mtu anayechungulia kinu, na maji yako huko ndani, mbali, yametulia. Ukigeuza kamera kwenye mlima, ziwa linabaki chini ya miguu yako. Ukiielekeza ziwani, mlima umeukosa. Nikaenda Jipe, nalo liko mpakani, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Jipe limezingirwa na magugu na mafunjo kiasi kwamba mahali pengine unasikia maji yanacheza mbele yako na huyaoni. Wavuvi wanapita kwa mitumbwi kwenye vichochoro vyao ndani ya majani. Nilipiga picha nzuri za wavuvi, ziwa la turubai sikulipata.

Momella nilifika kwa bahati. Shule moja ilinikodi niwapige picha wanafunzi katika ziara yao ya hifadhini. Gari likasimama, watoto wakamkimbilia twiga, mimi nikabaki nimeduwaa. Meru ilikuwa mgongoni kwangu. Mbele, ng'ambo ya maji, kilomita hamsini hivi, Kibo imekaa peke yake. Wahenga wanasema milima haikutani. Nawaheshimu wahenga, lakini nadhani hawakufika Momella alfajiri isiyo na upepo: ukiwa ukingo wa magharibi, Kibo imelala majini, zunguka ukingo wa pili, ziwa hilohilo limepokea Meru.

Picha za wanafunzi zilitoka vibaya siku ile. Shule ililipa nusu, na ilikuwa na haki.

Sasa, majira. Nimeziona kalenda za Ulaya, zile zenye mti mmoja: kijani, halafu manjano, halafu uchi, halafu umefunikwa theluji. Mtu anasoma mwezi kwa kuutazama mti. Mgomba wetu hauna habari hizo. Ni kijani Januari na kijani Agosti. Hapa mjini miti inayotoa taarifa kwa uaminifu ni miwili tu: mjakaranda, ambao wiki hizi umemwaga zambarau mpaka kwenye vioo vya magari, na mkrismasi, ambao ukiwaka nyekundu mzazi anakumbuka ada ya Januari. Anayetaka kuyaonyesha majira ya huku kwetu Kaskazini katika picha ya mlima asihangaike na majani. Ayatafute hewani na majini.

Januari na Februari kuna joto, kaskazi inavuma, vumbi la tambarare linapanda. Alfajiri mlima uko wazi. Kufikia saa nne umefifia kama picha iliyoachwa dirishani. Masika inaingia mwezi wa tatu na kukaa mpaka wa tano. Juni hadi Agosti ni kipupwe, na wenyeji mnajua kipupwe cha Moshi: blanketi la wingu zito linalala juu ya vihamba siku tatu, nne, watu wanavaa makoti sokoni, nasi tunadhani mlima umezibwa. Huko juu ya wingu kuna jua kali na anga ya bluu. Wapagazi wanaoshuka na wageni wanatukuta tunatetemeka, wenyewe wamebabuka pua. Septemba na Oktoba ni ukame wa mwisho, vumbi na moshi wa mashamba, na mwaka 2020 ulikuwa moshi wa mlima wenyewe, ule moto wa Oktoba tuliokuwa tukiutazama usiku kutoka mjini, mstari mwekundu umejipinda gizani. Sikupiga hata picha moja usiku ule. Nilishindwa.

Halafu vuli. Novemba, mvua imenyesha mchana, usiku imekatika, unaamka saa kumi na moja na hewa imeoshwa. Unahesabu mikunjo ya Mawenzi, kilele cha pili, mmoja mmoja. Kwetu husimuliwa kwamba Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa ndugu yake Kibo kuomba moto, akauzima makusudi na kurudi tena, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Kibo ana kichwa laini na Mawenzi amejaa manundu. Asubuhi ya vuli unaweza kuonyesha pigo lilipotua. Kijana mwenye nauli ya safari moja tu kwa mwaka akiniuliza aende lini, nitamwambia aende siku moja baada ya mvua ya vuli, na asilale sana.

Mlima huu una ujanja mmoja. Theluji mpya huanguka zaidi wakati wa mvua, yaani masika na vuli. Kwa hiyo Kibo huwa nyeupe kuliko wakati wote katika siku zilezile ambazo imejifunika. Weupe wote unafanyika nyuma ya pazia. Pazia likifunguka dakika kumi, unaona mlima umevaa mpaka mabegani. Likijifunga, unaweza kukaa wiki. Na ukiusubiri kiangazi ambako uko wazi kila asubuhi, unaukuta mweusi, umebaki na vipande vya barafu pembeni.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai, karibu na Mombasa, kuja Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Aliyekuwa akimwongoza njia aliuita kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika habari hizo, na kuna mabingwa wa jiografia kule London waliombishia kwa miaka, kwa kuwa hawakukubali theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Picha ya kuwaonyesha hakuwa nayo. Lakini mimi hutazama ule mwezi. Mei! Masika inaishia, theluji ni mpya, wingu limefunguka. Angepita Septemba, sijui angeandika nini.

Kila mwaka mnatumiwa kwenye simu zenu picha ya Kibo nyeupe, na chini yake mtu ameandika kwamba barafu imerudi. Miezi mitano baadaye inakuja picha ya Kibo nyeusi na mtu mwingine ameandika kwamba barafu imekwisha. Wote wawili wamedanganywa na jambo moja: picha haina tarehe. Theluji ni mgeni, anakuja usiku na anaweza kuondoka kabla ya wiki kwisha. Barafu ndiye mwenyeji, na mwenyeji huyu anahama polepole. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa mlimani na kamera za kupimia, na kutokana na picha zao ikachorwa ramani inayoonyesha barafu ya kilomita za mraba kumi na mbili hivi. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita mbili. Sehemu yake haiyeyuki hata kidogo: hewa ya juu ni kavu, jua ni kali, barafu inageuka mvuke moja kwa moja, na theluji ya kuijaza haitoshi. Tunajua haya kwa sababu watu wawili walipiga picha na wakaandika siku na mahali waliposimama. Ndivyo ilivyo pia na milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mwaka 1906 Mtaliano Vittorio Sella alibebewa kule juu kamera na vioo vizito vya picha, na leo anayetaka kujua barafu ya Rwenzori ilikuwa wapi anaanza na picha zake.

Mimi sikufanya hivyo, na aibu yangu nitaieleza hadharani. Miaka michache iliyopita alinijia binti mwanafunzi wa chuo, anafuatilia habari za barafu. Nikamtolea picha yangu ya zamani ya Kibo kutoka upande wa magharibi, kubwa, safi, picha niliyokuwa najivunia. Akaitazama muda mrefu.

"Babu, hii ni ya lini?"

"Ya zamani hiyo."

"Zamani ya lini?"

Nikakuna kichwa. Nikamwambia ni mwaka ule ng'ombe wa shangazi yangu alioanguka kwenye mfongo. Akacheka kwa adabu, akafunga daftari. Picha ile haikumfaa chochote. Aliondoka na picha mbovu ya mjomba wangu, imetikisika, watu wamekatwa vichwa, kwa sababu nyuma mjomba alikuwa ameandika kwa kalamu: Jumapili ya Pasaka, na mwaka, na jina la mahali.

Na hata zile nilizokuwa naweza kukumbuka zilikwisha. Negativu zangu za miaka kumi na moja nilizitunza ndani ya bati chini ya kitanda. Masika tatu, nne, nilipofungua nikakuta madoa kama utando wa buibui. Ukungu. Ukungu ninaoamka saa kumi kuuvizia ziwani ndio ulioingia chumbani ukala kazi yangu. Na nyinyi wenye kamera za kisasa msicheke, maana ukungu huohuo unaota ndani ya lenzi. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya msivitupe, viwekeni kwenye mkoba wa kamera, na masika msiufungie mkoba kabatini wiki nzima.

Ndiyo nikaenda Momella, nikachagua jiwe. Mahali panaporuhusiwa kushuka garini, kwanza kabisa, maana nyati hawasomi vibali. Nikaweka stendi palepale, urefu uleule, lenzi ileile, kila mwezi. Wenzangu walinicheka. Mpiga picha anatafuta mahali papya kila siku, wewe unarudi pale pale kama mtu aliyedondosha pete! Lakini ukikaa mahali pamoja ndipo unapoanza kuona kinachotembea.

Jua, kwa mfano. Sisi wa Moshi tuko kusini ya mlima, na kusini kidogo ya ikweta, nyuzi tatu na ushei. Desemba jua la mchana linakuwa upande wa kusini, mgongoni mwa mtu anayetazama Kibo kutoka hapa mjini, na barafu za upande wetu zinapata mwanga usoni. Juni jua limehamia kaskazini, nyuma ya mlima, na Kibo inatugeuzia kivuli. Ukivuka ukaenda Amboseli, hesabu inageuka: Juni ndiyo wao wanapewa uso. Ile picha ya tembo na Kibo ambayo dunia nzima inaijua imepigwa kutoka Kenya, na najua kuna watu humu ukumbini jambo hilo linawauma. Lisiwaume. Ule upande wanauona wao. Desemba ni zamu yetu, na wengi wetu Desemba tuko kwenye harusi.

Kutoka kwenye jiwe langu, Kibo iko mashariki na imeegemea kaskazini kidogo. Desemba jua linachomoza mbali sana kuliani mwa mlima, juu ya tambarare. Kila mwezi linasogea kushoto. Kwa hesabu zangu linachomoza nyuma ya Kibo mara mbili tu kwa mwaka: katikati ya Mei likienda, mwishoni mwa Julai likirudi. Mei mara nyingi ni mawingu. Kwa hiyo nina wiki moja hivi ya Julai, na katika wiki hiyo mlima unalichelewesha jua kwa kama dakika ishirini. Tambarare zote zimeshapata mwanga, ndege wameshaanza kelele, sisi tuko kivulini mwa Kibo tunapuliza vidole. Kisha nukta moja ya moto inatokea kwenye bega. Hiyo ndiyo picha ya saba pale. Nimeikosa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuipata, na mwaka mmoja kati ya hiyo niliikosa kwa kusahau betri ikichaji nyumbani. Sitaki maswali kuhusu hilo.

Maji nayo yana mwaka wake. Momella ni maziwa kadhaa, ya magadi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya viumbe wadogo wa kijani wanaoishi ndani yake. Maji yakipungua kiangazi, rangi inakolea na ukingo unabaki na mstari mweupe. Masika inakuja inaufuta. Angalieni miguu ya lile jiwe katika picha ya pili, kisha ya tano. Heroe, yaani flamingo, wanakuja na kuondoka wanavyotaka. Katika picha zote kumi na mbili wamo kwenye tano, na sikuwahi kubashiri sawasawa hata mara moja. Na upepo: kabla ya jua kupanda ziwa ni kioo, ikifika saa tatu asubuhi ni mkeka. Anayelala hotelini mjini akapata kifungua kinywa kwanza, atapiga picha ya mkeka.

Natron, ziwa jingine la magadi, sitaikalia sana, ingawa najua ndiyo mnayoipenda mitandaoni. Ni nyekundu kweli. Kiangazi maji yanavukizwa, chumvi inazidi, na viumbe wanaoishi kwenye chumvi kali wanalipaka ziwa rangi. Imekula miguu ya stendi yangu. Magadi hayana urafiki na chuma. Lakini nina neno moja kwa wanaopiga picha za Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo jirani na ziwa hilo, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Ule weupe kileleni si theluji. Mlima una mita 2,962 tu. Lava yake ni ya aina ya peke yake, inatoka nyeusi, na ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Nimeona picha yake inauzwa na maelezo ya theluji. Nilinyamaza, kwa kuwa mwuzaji alikuwa mkubwa kuliko mimi.

Chala ndiyo nimeirudia, ingawa haikunipa mlima. Kwanza ni mahali pekee ninapopiga picha saa sita mchana. Jua la utosi linaingia moja kwa moja kwenye kasoko, na maji yanatoa bluu ambayo alfajiri huipati. Pale ndipo filta ya kuondoa mng'ao inafanya kazi, kwa kuwa unatazama maji kutoka juu. Mkienda Momella, filta hiyo iacheni nyumbani. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Ziwa lile linatunza kumbukumbu kuliko sisi sote humu. Kipindi cha baridi na upepo, Juni mpaka Septemba hivi, upepo wa kusi unayakoroga maji, virutubisho vinapanda, na mwani wenye maganda kama kioo unaongezeka, unakufa, unazama. Sakafuni inabaki tabaka jembamba jeupe. Msimu wa joto na mvua unaweka tabaka jeusi juu yake. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi: kila jozi ni mwaka mmoja. Miaka ya upepo mwingi tabaka linakuwa nene. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa lile wakatoa mirija ya tope la zaidi ya mita mia mbili. Mimi nimechapisha miezi kumi na miwili na mmenipigia makofi.

Vijana, mambo ya kamera kwa ufupi, kwa sababu najua mlikuja kwa hayo. Kamera inadhani dunia yote ni kijivu. Ukivuta Kibo kwa lenzi ndefu, theluji ikajaa kwenye picha, kamera inaipaka majivu; ongeza mwanga, hatua moja au moja na nusu. Lakini ukipiga nchi nzima na Kibo ni kidole kidogo huko mbali, kamera inaangalia giza la chini na kuunguza theluji, hapo punguza. Ni mlima uleule na mnaambiwa mambo mawili yanayopingana, na yote ni kweli. Wenye simu, bonyezeni kidole juu ya theluji mshikilie mpaka ifunge, kisha mshushe mwanga kidogo. Weka saa na tarehe ya kamera yako sawasawa. Nimekagua kamera ya kijana mmoja hapo nje. Kwa mujibu wake, leo ni tarehe mosi Januari.

Nirudi kwenye Aprili, kisha niwaachie chai.

Mwaka huu Aprili nilikwenda siku nne. Nililala kambini, hema linavuja, askari wa hifadhi aliyekuwa akinisindikiza ananihurumia waziwazi. Siku ya kwanza mvua. Ya pili mvua. Ya tatu ukungu, ziwa halionekani. Ya nne ukungu ulipanda kidogo, maji yakaonekana kiasi cha uwanja wa mpira, bata akatokea. Hakuna Kibo. Nikakaa saa mbili. Askari akasema, "Mzee, leo mama huyu hatoki ndani." Nikabonyeza mara moja, nikaandika siku na saa kwenye daftari, tukafungasha.

Tulikuwa tumeshafika karibu na geti askari aliponigusa bega. Wingu lilikuwa limepasuka. Kibo ilikuwa nyeupe kuanzia utosini mpaka kwenye mabega, nyeupe ya maziwa, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona, na mwanga umeingia pembeni. Nilishuka nikapiga nikiwa nimesimama kwenye matope, mkono bila stendi. Kama dakika sita, kisha ikafunga.

Picha hiyo ninayo. Mke wangu anasema ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na mke wangu si mtu wa kunisifu. Lakini haikupigwa jiweni. Jiweni, siku hiyo, saa hiyo, kulikuwa na kijivu na bata, na ndivyo nilivyotundika. Ile nyingine iko ndani ya bahasha kwenye droo ya meza pale mlangoni, nyuma nimeandika tarehe. Anayetaka kuiona aniombe, sitamnyima. Ila apitie kwanza kwenye ya nne, asimame kidogo, aache macho yazoee. Upande wa kushoto, juu ya kichwa cha bata, kijivu kimoja ni kizito kidogo kuliko kingine.